Nani aliliondoa neno "huenda"?

Machi 2002, kamati inayochambua taarifa za kijasusi za Uingereza iliieleza serikali yake kwamba habari zilizopo kuhusu silaha za maangamizi za Iraq ni za nadra na zenye viraka. Septemba mwaka huohuo, waziri mkuu Tony Blair aliandika dibaji ya waraka uliosambazwa kwa umma, akasema anaamini taarifa hizo zimethibitisha pasi na shaka kwamba Saddam Hussein anaendelea kutengeneza silaha za kemikali na za kibaolojia. Kati ya miezi hiyo miwili hakuna ghala lililofumaniwa, wala kombora lililonaswa njiani. Kilichobadilika ni sarufi. "Huenda" ya wachambuzi ilikuwa imegeuka "ni" ya mwanasiasa.

Mjadala wa kama nchi iingie vitani bila ushahidi usiopingika huendeshwa kama mjadala wa kiasi. Asilimia ngapi zatosha? Hamsini? Tisini? Wanaotaka vita hujibu kwamba ushahidi kamili hupatikana siku ya mazishi. Wasiotaka hujibu kwamba shuku si ushahidi. Kila upande una chembe ya haki, na swali lenyewe linabaki limekaa pembeni likisubiri. Serikali yenye uhakika wa asilimia mia kabla ya kufyatua risasi ya kwanza ni adimu kama mvua ya kiangazi. Ninachodai mimi ni kidogo zaidi, ingawa ni kigumu zaidi kukitimiza: nchi isiingie vitani kwa ushahidi ulionyang'anywa shaka zake. Ushahidi dhaifu unaojulikana udhaifu wake unaweza kupimwa, ukajadiliwa, hata ukakubaliwa kwa macho makavu. Ukishavishwa sare ya uhakika, hakuna anayeupima tena, hata yule aliyeuvisha.

Kuna kauli ambayo kila msikilizaji wa Kiswahili anaifahamu. Novemba 1978, majeshi ya Idi Amin yakiwa yamekwisha kuingia Kagera na Amin mwenyewe ametangaza kwamba eneo hilo sasa ni la Uganda, Julius Nyerere aliwaambia Watanzania kwamba sababu ya kumpiga ipo, nia ipo na uwezo upo. Kauli ile inakumbukwa kwa mdundo wake. Mimi huikumbuka kwa sababu ya kile ambacho hakikuhitajika kusemwa: sababu ilikuwa imelala ardhini, inaonekana kwa macho, wala hakutakiwa jasusi wa kuja kuielezea. Katika vita vingi vinavyobishaniwa hadi leo, mambo matatu hayo huja kwa mpangilio mwingine. Uwezo upo tangu zamani. Nia inaingia. Kisha watu wanatumwa wakatafute sababu, na mtu aliyetumwa kutafuta kitu na wakubwa wake, akijua wanakitaka sana, ni nadra kurudi mikono mitupu.

Julai 23, 2002, mkuu wa ujasusi wa Uingereza, akiwa ametoka ziarani Washington, alitoa taarifa katika kikao cha Blair na watu wake wa karibu. Kumbukumbu za kikao hicho zilivuja mwaka 2005. Zinasema kwamba vita sasa vinaonekana haviepukiki, na kwamba taarifa za kijasusi na mambo ya hakika vinapangwa kuizunguka sera. Ni sentensi iliyoandikwa na msaidizi wa waziri mkuu kwa utulivu kabisa, kama anayeandika ajenda ya mkutano ujao.

Tuangalie neno "huenda" lilivyodondoka, ngazi kwa ngazi, maana hapo ndipo penye funzo kubwa kuliko katika takwimu za majeshi. Ujerumani kulikuwa na mkimbizi kutoka Iraq aliyepewa jina la siri Curveball. Aliwaambia Wajerumani kwamba Iraq ina maabara za silaha za kibaolojia zinazotembea juu ya malori. Wajerumani wenyewe walikuwa na mashaka naye. Wamarekani hawakuwahi kumhoji ana kwa ana kabla ya vita. Walisoma maelezo yake kupitia watu wengine, yakiwa yametafsiriwa na kufupishwa. Hakimu wa mahakama ya mwanzo asingempokea shahidi wa namna hiyo katika kesi ya kuku aliyeibwa. Lakini Februari 5, 2003, maelezo yake yalikuwa yamefika mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, yakisomwa na Colin Powell, waziri wa mambo ya nje wa Marekani na mwanasiasa aliyeaminika kuliko wote katika serikali ya George W. Bush, akiwa na michoro ya malori hayo na chupa ndogo mkononi ya kuonyesha kiasi kidogo tu cha kimeta kinachoweza kufanya nini. Mwaka 2011 mkimbizi yule alikiri hadharani kwamba alitunga. Alitaka utawala wa Saddam uanguke.

Au mabomba ya alumini. Iraq ilikuwa imeagiza mabomba maelfu kwa maelfu, na shirika la ujasusi la CIA likasema ni ya mashine za kurutubisha uraniamu. Wataalamu wa Wizara ya Nishati ya Marekani, ambao ndio hasa wanaojua mashine hizo, walisema hapana, vipimo vyake vinalingana na makombora madogo ya kawaida ambayo Iraq ilikuwa ikiyatengeneza siku zote. Kitengo cha ujasusi cha wizara ya Powell mwenyewe kiliungana nao. Upinzani huo uliandikwa ndani ya tathmini ya siri ya Oktoba 2002, waraka wa kurasa zaidi ya 90 ulioandaliwa kwa wiki chache. Kisha likatolewa toleo fupi kwa ajili ya umma. Kamati ya Seneti ilipochunguza baadaye, iligundua kwamba maneno kama "tunakadiria" na "kwa maoni yetu" yalikuwa yameondolewa katika toleo hilo, na sentensi zikabaki zimesimama zenyewe, zimenyooka, kana kwamba ni jiografia.

Nani aliyaondoa? Hapa huwa nawapoteza wasomaji wanaopenda kisa chenye mhalifu mmoja. Kwa sehemu kubwa hakuna mtu aliyekaa akasema leo nadanganya. Mhariri anafupisha kwa sababu waraka ni mrefu. Bosi anauliza, "Sasa hii maana yake nini, ndiyo au siyo?" Mwandishi wa hotuba anaona "yamkini" inalegeza sentensi. Waziri ana dakika tano. Kila mmoja kapunguza kijisehemu tu, na kila mmoja anaweza kuapa kwamba hakuongeza neno. Uongo wa makusudi ulikuwapo pia, nitaufikia, lakini huu mwingine unatisha zaidi kwa sababu unaweza kufanyika katika serikali yoyote yenye watu waaminifu kiasi.

Na kulikuwa na hesabu nyingine iliyokuwa ikipigwa kimoyomoyo. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, mashirika ya ujasusi yalilaumiwa kwa kutounganisha dalili. Mchambuzi wa mwaka 2002 alijua kwamba akisema silaha hazipo na kesho zikalipuka, jina lake litatajwa. Akisema zipo na zikakosekana, atakuwa amekosea pamoja na wenzake wote, na kosa la wote halina mwenyewe. Januari 2004, David Kay, aliyeongoza msako wa silaha baada ya uvamizi, aliiambia Seneti kwamba karibu sote tulikosea. "Sote" ni neno zuri sana la kujifichia.

Kisa kinachonikera zaidi ni cha Hussein Kamel, mkwe wa Saddam, aliyesimamia mipango ya silaha na kukimbilia Jordan mwaka 1995. Aliwaambia wakaguzi wa Umoja wa Mataifa kwamba aliamuru silaha zote zilizosalia ziharibiwe. Alirudi Iraq mwaka uliofuata, akauawa. Agosti 2002, makamu wa rais Dick Cheney alimtaja katika hotuba kama mmoja wa mashahidi waliothibitisha kwamba Saddam anazitafuta tena silaha za nyuklia. Marehemu hakuwa na namna ya kusahihisha.

Kuna methali yetu isemayo lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Sijui kama imewahi kupata wafuasi wenye nguvu kama katika miaka ile. Donald Rumsfeld, waziri wa ulinzi wa Bush, alipenda kukumbusha kwamba kukosekana kwa ushahidi si ushahidi wa kukosekana. Condoleezza Rice, mshauri wake wa usalama wa taifa, alisema hatutaki ushahidi wetu uje kuwa wingu la uyoga, yaani moshi wa bomu la atomu. Ukitulia ukaipima, hoja hii ni nzito, na wapinga vita wengi huivuka kwa kuruka. Silaha ya nyuklia ikishalipuka, muda wa uchunguzi umekwisha. Dalili ya mvua ni mawingu, na mwenye kungoja tone la kwanza ndipo aezeke paa ana lake jambo.

Udhaifu wake ni kwamba hoja hii haina breki. Ikiwa kutoonekana kwa silaha ni dalili kwamba zimefichwa vizuri, hakuna kitu mshukiwa anachoweza kufanya kikamsafisha. Wakaguzi wa silaha wa Umoja wa Mataifa, wakiongozwa na Hans Blix, walirudi Iraq Novemba 2002. Walipewa na mashirika ya ujasusi maeneo ya kwenda kutazama, wakaenda, na sehemu kubwa hawakukuta chochote cha maana. Wakakuta makombora ya Al-Samoud 2 yaliyozidi umbali unaoruhusiwa wa kilomita 150, nao wakaanza kusimamia kuharibiwa kwake, moja baada ya jingine, Machi 2003. Kwa akili ya kawaida hiyo ilikuwa habari kwamba ukaguzi unafanya kazi na kwamba orodha ya majasusi ina kasoro. Washington ilisomeka kinyume: Saddam mjanja. Blix aliuliza baadaye, kwa upole wa mwanasheria wa Sweden, inawezekanaje mtu awe na uhakika wa asilimia mia kwamba silaha zipo na asiwe na asilimia hata moja ya kujua zilipo.

Kwa hiyo mimi siulizi tu ushahidi una nguvu gani. Nauliza: ni kitu gani, kikipatikana kesho, kingekufanya uahirishe? Serikali isiyoweza kulijibu swali hilo haina ushahidi. Ina imani, na ushahidi ni mapambo yake.

Sheria ya kimataifa imejaribu kuweka mpaka. Hati ya Umoja wa Mataifa inaruhusu kujihami shambulio la silaha likitokea. Kabla yake, mwaka 1841, Daniel Webster, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, akibishana na Waingereza waliokuwa wameichoma meli ya Caroline, aliandika kwamba anayedai kujihami aonyeshe haja ya papo hapo, nzito, isiyomwachia njia nyingine wala muda wa kutafakari. Watu husoma masharti hayo kana kwamba yanahusu saa tu, mbona adui hajafika. Mimi nayasoma kama masharti ya ushahidi. Aliyeinua panga mbele yako amekuondolea kazi ya kukisia. Kumuwahi huyo ni jambo moja. Kumvamia mtu kwa sababu huenda siku moja akanunua panga ni jambo jingine, maana hapo kila kitu kinategemea aliyekuletea habari.

Na walioleta habari, tangu zamani, wana rekodi ya kusikitisha. Agosti 4, 1964, meli ya kivita ya Marekani, Maddox, iliripoti kwamba inashambuliwa kwa mara ya pili katika Ghuba ya Tonkin. Saa chache baadaye kamanda aliyekuwa eneo hilo alituma ujumbe kwamba hali ya hewa ya ajabu na askari wa sona (chombo cha kusikiliza chini ya maji) wenye pupa huenda vimesababisha ripoti nyingi, na akashauri tathmini kamili ifanyike kabla ya hatua nyingine. Usiku uleule Rais Lyndon Johnson alikuwa kwenye televisheni akitangaza kulipiza. Agosti 7, Baraza la Wawakilishi lilimpa idhini kwa kura 416 kwa 0, Seneti kwa 88 kwa 2. Shambulio la pili halikutokea. Utafiti wa mwanahistoria wa shirika lao lenyewe la kunasa mawasiliano, uliotolewa kwa umma mwaka 2005, ulionyesha kwamba taarifa nyingi zilizonaswa usiku ule hazikupelekwa juu, na zilizopelekwa ni zile zilizolingana na hadithi. Wamarekani zaidi ya 58,000 walikufa Vietnam. Wavietnam walikufa kwa idadi ambayo bado inahesabiwa kwa mamilioni. "Huenda" ya kamanda wa baharini ilikuwa imeandikwa, imepokelewa, na ikaachwa mezani.

Kuna nyakati hata sababu ya kweli haiachwi ijitegemee. Mwaka 1990 Iraq ilikuwa imeivamia Kuwait mchana kweupe, wala hakukuwa na la kubishania. Bado, Oktoba mwaka huo, msichana wa miaka 15 aliletwa mbele ya kikundi cha wabunge wa Marekani akasema kwa machozi kwamba aliona askari wakiwatoa watoto wachanga kwenye mashine za joto na kuwaacha sakafuni. Mwaka 1992 ilifahamika kuwa alikuwa binti wa balozi wa Kuwait mjini Washington, na kwamba ushahidi wake uliandaliwa kwa msaada wa kampuni ya uhusiano wa umma. Kesi iliyokwisha kushinda ikaongezewa chumvi, na chumvi ndiyo watu wanayoikumbuka.

Sasa niwape nafasi wanaoniona mjinga. Watanikumbusha Juni 1941, Stalin akiwa na lundo la maonyo kwamba Ujerumani inakuja, akayapuuza. Watanikumbusha Oktoba 1973, Israel ikiona majeshi ya Misri na Syria yakijipanga na bado idara yake ya ujasusi ya jeshi ikishikilia kwamba uwezekano wa vita ni mdogo. Je, hao hawakuumia kwa kudai ushahidi zaidi?

Nadhani mifano hiyo inasema kinyume cha inachotumiwa kusema. Stalin hakukosa ushahidi. Alikuwa na hitimisho kabla ya ushahidi, kama Cheney, ila la upande wa pili. Israel nayo ilikuwa na dhana yake: kwamba Misri haitapigana hadi ipate ndege na makombora ya kuifikia Israel kwa ndani. Kila dalili ilipimwa kwa dhana hiyo na kuonekana nyepesi. Ni ugonjwa uleule, umevaa kanzu tofauti. Halafu kuna jambo ambalo hupitwa haraka: shaka haimlazimishi mtu kukaa bure. Asubuhi ya Oktoba 6, 1973, waziri mkuu wa Israel, Golda Meir, alikataa ombi la mkuu wa majeshi la kuwapiga maadui kwanza, lakini akaidhinisha kuwaita askari wa akiba. Alihofu kwamba wakianza wao, hakuna atakayewasaidia. Uamuzi huo uligharimu maisha, sitaki kujifanya haukugharimu. Lakini ukiulizwa na "huenda", kujiandaa ni jibu linaloweza kurudishwa nyuma. Askari wa akiba aliyeitwa bure anarudi nyumbani akinung'unika. Maji ya vita yakimwagika hayazoleki.

Mfano unaonisumbua kweli ni mwingine. Mwaka 2007 Waisraeli walimpelekea Bush picha za jengo lililokuwa likijengwa jangwani Syria, mahali paitwapo al-Kibar, wakitaka Marekani ilipige. CIA ilisema ina uhakika mkubwa kwamba ni kinu cha nyuklia, lakini uhakika mdogo kwamba kuna mpango wa silaha, maana sehemu nyingine za mpango huo hazikuonekana. Bush, aliyekwisha kuumwa na nyoka wa Iraq, alikataa kuishambulia nchi huru ikiwa majasusi wake hawawezi kusimama na kusema huo ni mpango wa silaha. Septemba 6 Israel ikalipiga jengo yenyewe. Mwaka 2011 Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki lilisema kwamba kuna uwezekano mkubwa kilikuwa kinu ambacho Syria ilipaswa kukitangaza. Miaka michache baadaye eneo lile likawa mikononi mwa kundi la Dola la Kiislamu. Mtu akiniambia afadhali lilipigwa, sina jibu jepesi la kumpa. Ninachoweza kusema ni kwamba pale kulikuwa na jengo. Lilijulikana lilipo, lilionekana kwa picha ndani na nje, na kilichoombwa kilikuwa kupiga ukuta mmoja usiku mmoja, si kuikalia nchi ya watu milioni 25 kama Iraq. Tena katika kisa hicho uhakika mdogo ulitajwa kwa jina lake mbele ya rais, naye akauamulia. Ulipanda ngazi zote bila kuvuliwa nguo.

Na hata ushahidi ukiwa mkamilifu, bado hauamui. Oktoba 1962 ndege ya upelelezi ya Marekani, U-2, ilipiga picha za makombora ya Kisovieti nchini Cuba. John F. Kennedy alionyeshwa Oktoba 16, na wakuu wake wa majeshi wakamshauri apige, kisha avamie. Alichagua kuizingira Cuba kwa manowari na kuzungumza. Oktoba 25 Adlai Stevenson, balozi wa Marekani katika Umoja wa Mataifa, aliziweka picha zile mbele ya Baraza la Usalama na dunia ikaamini. Karibu miaka thelathini ilipita ndipo Wamarekani walipojua kile ambacho picha hazikuonyesha: wanajeshi wa Kisovieti kisiwani walikuwa zaidi ya 40,000 wakati makadirio yalikuwa kama 10,000, na walikuwa tayari na silaha ndogo za nyuklia za kuwapiga nazo wavamizi ufukweni. Wenye picha bora kuliko zote zilizowahi kuonyeshwa katika ukumbi ule walikuwa hawaoni robo tatu ya jeshi.

Kuna tanbihi ambayo siwezi kuiacha. Huyo Stevenson, Aprili 1961, katika Umoja wa Mataifa uohuo, alikuwa amenyanyua picha ya ndege yenye alama za jeshi la anga la Cuba, akieleza kwamba ni ya marubani wa Castro walioasi. Ilikuwa ndege ya CIA iliyopakwa rangi. Serikali yake haikumwambia.

Utaona jinsi mizani inavyochezewa pia na wale wasiotaka kutenda. Juni 1994, Wanyarwanda wakiwa wamekwisha kuuawa kwa mamia ya maelfu, msemaji wa wizara ya mambo ya nje ya Marekani alisimama mbele ya waandishi akisema kumetokea "vitendo vya mauaji ya kimbari" huku akikwepa kusema ni mauaji ya kimbari. Miili ilikuwa ikielea mitoni. Nchi ileile iliyodai usahihi wa kamusi mwaka 1994 iliridhika na malori ya kuchorwa mwaka 2003. Kiwango cha ushahidi kilikuwa kinapanda na kushuka kufuata nia, kama bendera na upepo, na hapo ndipo ninaposhindwa kukubaliana na wanaosema tatizo ni ujasusi kuwa mgumu. Ni mgumu kweli. Lakini ugumu ungekosea huku na huku. Haungekosea kila mara kuelekea pale mkubwa alipokwisha kutazama.

Urusi ilitumia mlango huohuo. Februari 2022 ilidai inaingia Ukraine kuzuia mauaji ya kimbari katika Donbas, mashariki mwa nchi hiyo. Machi 16, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikasema haijapata ushahidi wa kuthibitisha madai hayo, ikaiamuru isitishe operesheni. Mizinga haikusikia. Wiki moja tu kabla ya uvamizi, Antony Blinken, waziri wa mambo ya nje wa Marekani wakati huo, alikuwa mbele ya Baraza la Usalama akieleza kwa undani jinsi Urusi itakavyoshambulia, na ilimbidi akiri kwamba wapo wanaotilia shaka taarifa za Marekani kwa sababu ya yaliyopita. Safari hii taarifa zilikuwa sahihi. Wengi hawakuziamini, pamoja na baadhi ya washirika wa Ulaya, na mimi nilikuwa miongoni mwa walioguna. Deni la chupa ya Powell lilikuwa likilipwa na watu wa Kyiv.

Mahakama hiyohiyo, Novemba 2003, ilikuwa imetoa hukumu kuhusu majukwaa ya mafuta ya Iran baharini ambayo Marekani iliyapiga mwaka 1987 na 1988. Marekani ilidai inajihami; bomu la majini lilikuwa limeiharibu meli yake. Majaji walisema mzigo wa kuthibitisha ni wa aliyepiga, na kuhusu bomu lile wakaandika kwamba ushahidi unaashiria sana, lakini si wa kukata shauri. Miaka kumi na mitano ilipita kabla "huenda" haijarudishwa mahali pake. Mahakama ni mahali pazuri pa kuirudisha, lakini pamechelewa. Pa kuirudisha ni bungeni.

Wabunge wangapi waliisoma tathmini kamili ya Oktoba 2002? Ilikuwa imewekwa kwenye chumba salama, mbunge aende akaisome. Walioenda walikuwa wachache mno. Seneta Bob Graham, aliyeongoza kamati ya ujasusi, aliisoma, akalinganisha na toleo fupi la umma, akapiga kura ya hapana. Waliopiga ya ndiyo walikuwa 77, waliokataa 23. London, Robin Cook, aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya nje na kuzoea kusoma mafaili hayo, alijiuzulu Machi 17, 2003 akiwaambia wenzake kwamba Iraq pengine haina silaha za maangamizi kwa maana inayoeleweka kawaida. Kesho yake Bunge likaidhinisha vita kwa kura 412 kwa 149. Waliokuwa karibu zaidi na karatasi zenyewe walikuwa na shaka zaidi. Ningekuwa mbunge nikiletewa hoja ya vita, nisingeanza kwa kumsikiliza waziri. Ningeomba nionyeshwe rasimu ya kwanza, ile iliyoandikwa na mchambuzi kabla haijapelekwa juu, na niiweke kando ya hotuba.

Mapema 2003 Bush alikuwa amemwambia taifa lake kwamba Saddam alitafuta uraniamu Afrika. Nyaraka zilizodaiwa kuthibitisha biashara hiyo na Niger zilifika mikononi mwa wakaguzi wa atomiki Februari, baada ya hotuba. Hawakuchukua muda mrefu kugundua kwamba ni za kughushi. Barua mojawapo, yenye tarehe ya mwaka 2000, ilikuwa na jina la waziri aliyeacha wadhifa huo zaidi ya miaka kumi nyuma. Machi 7 Mohamed ElBaradei, mkuu wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, alilieleza Baraza la Usalama hadharani.

Siku hiyohiyo, katika ukumbi uleule, Hans Blix alizungumzia muda unaohitajika kumaliza kazi kuu zilizobaki. Alisema si miaka, wala si wiki, bali miezi. Alipewa siku kumi na moja. Machi 18 wakaguzi wake waliondolewa Baghdad, Machi 20 mabomu yakaanza kuanguka, na baadaye watu zaidi ya 1,000 wakatumwa ndani ya nchi iliyokwisha kuvamiwa kutafuta kile alichokuwa akikitafuta. Walitumia zaidi ya mwaka mmoja, kwa uhuru wa kuingia popote na kumhoji yeyote, Saddam mwenyewe akiwemo, na ripoti yao ya mwisho ilitoka Oktoba 2004. Maghala hayakuwapo.